Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza: Duka la Kariakoo nalo ni kipato

Kariakoo, Dar es Salaam

Kwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza,
Kupitia Ubalozi wa Uingereza, Umoja House, Dar es Salaam.

Nakala: Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki.

YAH: USHAHIDI WA FEDHA KATIKA MAOMBI YA VIZA YA MWENZA

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mhasibu. Naandaa mahesabu ya wafanyabiashara wadogo wa Kariakoo: wauza nguo wa Mtaa wa Kongo, wauza simu wa Aggrey, wenye maduka ya vyombo kando ya soko kuu. Karatasi nyingi zinazofika mezani kwangu ni za kodi, leseni na mikopo. Lakini zipo nyingine zinazoletwa zimekunjwa ndani ya bahasha, na mwenye nazo husubiri wateja wengine watoke kwanza ndipo azitoe. Ni barua za kunyimwa viza ya kumfuata mume au mke Uingereza. Wananiletea kwa sababu sababu iliyoandikwa ni fedha, na mtu wa fedha wanayemjua ni mimi. Swali lao hufanana: "Kaka, wanasema hatuna ushahidi wa kipato. Kwani hili duka langu hawalioni?"

Jibu la kweli ni kwamba hawalioni. Afisa aliyeshika faili anaweza kuwa mtu mwema na makini. Kanuni aliyopewa ndiyo isiyomruhusu kulitazama. Ndiyo sababu nakuandikia wewe mwenye kanuni, na naandika hadharani ili ndugu zangu wenye barua hizo majumbani waelewe walichonyimwa na wanachoweza kukidai.

Nieleze kwanza kanuni ilivyo. Tangu 9 Julai 2012, raia wa Uingereza au mkazi wa kudumu anayetaka kuishi huko na mwenza kutoka nje alitakiwa kuonyesha kipato kisichopungua pauni 18,600 kwa mwaka, na zaidi ya hapo kama kuna watoto wanaohamia naye wasio raia. Tarehe 11 Aprili 2024 kiwango kilipandishwa kwa mkupuo mmoja hadi pauni 29,000. Kwa fedha yetu hiyo ni karibu shilingi milioni 100. Asiye na mshahara huo anaruhusiwa kuonyesha akiba, ila pauni 16,000 za kwanza hazihesabiwi, na zinazobaki hugawanywa kwa mbili na nusu. Kwa hiyo anayetegemea akiba peke yake anatakiwa awe na pauni 88,500, karibu shilingi milioni 300, na ziwe mikononi mwake kwa miezi sita kamili.

Sasa tuulize: kipato cha nani? Mwombaji akiwa nje ya Uingereza, kinachohesabiwa ni mshahara au faida ya biashara ya mwenza aliye huko. Mshahara wa aliye huku hauingii. Faida ya duka lake haiingii. Hoja inayotolewa ni kwamba akihama ataiacha kazi yake, na hakuna ajuaye kama atapata nyingine. Lakini kanuni hiyohiyo inakubali kodi ya pango, hata ya nyumba iliyo nje ya Uingereza. Tazama maana yake hapa kwetu. Mwenye ghorofa Mtaa wa Msimbazi akikaa nyumbani akapokea kodi ya fremu zake, kipato chake kinahesabika. Mama aliyepanga fremu moja kwenye ghorofa hilohilo, anayefungua saa moja asubuhi na kufunga usiku, faida yake haihesabiki hata shilingi. Kodi anayolipa yeye ndiyo inayompatia mwenye nyumba sifa ya kuwa na kipato. Kwa miaka yote niliyofanya kazi ya vitabu sijaona kanuni ya hesabu inayoweza kutetea matokeo hayo.

Nichukue mfano unaofanana na mafaili mengi ninayoyasoma. Mke ana fremu ya nguo Mtaa wa Kongo. Mume ni raia wa Uingereza mwenye asili ya hapa, anafanya kazi ghalani Birmingham kwa kima cha chini cha mshahara. Tangu Aprili 2025 kima hicho kwa mtu mzima kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Akifanya kazi saa 37 na nusu kwa wiki, wiki 52, anapata takriban pauni 23,800. Amefanya kazi muda kamili kwa ujira ambao sheria ya nchi yako inautambua kuwa halali, na bado amepungukiwa zaidi ya pauni 5,000. Ili afike 29,000 kwa ujira huo lazima afanye karibu saa 46 kila wiki, mwaka mzima, asiugue, na mwajiri asimpunguzie zamu hata mara moja.

Tuendelee na hesabu hiyo. Viza ya mwenza humruhusu anayeingia kufanya kazi tangu siku ya kwanza. Mke huyo akiajiriwa kwa kima hichohicho, nyumba yao itaingiza zaidi ya pauni 47,000 kwa mwaka. Kinachowafanya waonekane maskini mno kuishi pamoja ni kwamba mmoja wao amezuiwa kuchangia. Ukiwaunganisha, upungufu unakwisha.

Nimesoma sababu ambazo serikali zilizopita za nchi yako zilizitoa. Mwaka 2012 ilielezwa kwamba kiwango cha 18,600 kiliwekwa ili familia isije ikategemea ruzuku za serikali. Hoja hiyo naielewa; kila nchi ina haki ya kulinda hazina yake. Lakini mwenza anayeingia kwa viza hii tayari amezuiwa kuomba ruzuku za umma hadi apewe ukazi wa kudumu. Amelipa pia ada ya huduma ya afya kabla hajapanda ndege: pauni 1,035 kwa kila mwaka tangu Februari 2024, yaani pauni 3,105 kwa viza ya kwanza. Hazina ilikuwa na kinga yake.

Kiwango cha 29,000 nacho kilitolewa kwenye kipimo kingine kabisa. Kilichukuliwa kutoka katika mishahara ya kazi zinazostahili viza ya wafanyakazi wenye ujuzi, na mpango wa awali ulikuwa kukipandisha hadi 34,500 na kisha 38,700. Kipimo cha kumwajiri mgeni kikageuzwa kuwa kipimo cha kuishi na mke. Baada ya uchaguzi wa Julai 2024 serikali mpya ilisimamisha nyongeza hizo, ikaiomba Kamati ya Ushauri wa Uhamiaji ilitazame jambo hili upya. Ripoti ya kamati ya Juni 2025 ilisema kigezo cha viza za kazi hakifai kwa familia, ikaonyesha uwezekano wa viwango vya chini ya 29,000, kikiwemo cha kati ya pauni 23,000 na 25,000, na ikapinga kuweka kiwango cha juu zaidi kwa familia zenye watoto. Hao ni wataalamu mliowateua wenyewe. Nakuomba usiache kazi yao ikalala rafuni.

Sasa nije kwenye jambo ninalolijua kwa mikono yangu, yaani ushahidi. Hata anayetimiza kiwango anaweza kunyimwa kwa sababu ya karatasi. Kanuni zenu hutaka hati za mshahara za miezi sita, taarifa za benki za miezi hiyohiyo zinazoonyesha kila mshahara ukiingia, na barua ya mwajiri inayotaja aina ya ajira, kiasi cha mshahara kwa mwaka, muda wa kazi na muda ambao mshahara huo umelipwa. Mwezi mmoja ukikosekana, faili zima linayumba. Anayeonyesha akiba naye hutakiwa kueleza fedha zilikotoka. Hapo ndipo Kariakoo na kanuni zenu vinapishana.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kariakoo ina daftari, Mheshimiwa. Lakini fedha yake haikai mahali pamoja. Mtaji wa mama niliyemtaja uko kwenye mzigo. Nguo zinatoka Guangzhou kwa kontena walilochangia wafanyabiashara kadhaa. Nyingine amezichukua kwa mali kauli, atalipa akishauza. Mauzo yanaingia kwa Lipa Namba, kwa simu na kwa fedha taslimu. Jioni sehemu inakwenda kwa wakala, sehemu kwa kijumbe wa mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, sehemu kwenye deni la mzigo unaofuata. Ukimwambia aweke fedha nyingi benki na asiziguse miezi sita, umemwambia afunge duka. Na zamu yake ya mchezo inapofika, mamilioni yanaingia kwenye akaunti kwa siku moja. Mimi nikiiona taarifa hiyo ya benki naona nidhamu ya kuweka akiba pamoja na wenzake mwaka mzima. Afisa aliye maelfu ya maili kutoka hapa anaona fedha nyingi zilizoingia ghafla.

Sisemi afisa aamini kwa maneno matupu. Nasema upo ushahidi wa kutosha kwa anayekubali kuusoma. Mashine za kielektroniki za risiti, EFD, zilianza kutumika nchini mwaka 2010. Zinatoa risiti kwa kila mauzo na jumla ya kila siku. Mamlaka ya Mapato Tanzania hutoa makadirio ya kodi kwa mfanyabiashara mwenye namba ya mlipakodi. Biashara ina leseni, jina lake limesajiliwa kwa msajili wa biashara, BRELA, fremu ina mkataba wa pango. Fedha za simu, zilizoingia nchini mwaka 2008 na leo zimekuwa mkoba wa kila mtu, huendeshwa na watoa huduma wenye leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, na kampuni za simu hutoa taarifa za miamala zinazoonyesha siku, saa na kiasi. Serikali yetu huviamini vitu hivi inapotaka kodi. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa malalamiko ya kodi, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja viwanja vya Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Nchi haiwezi kusimama kwa ajili ya mapato ya watu wasio na mapato.

Yako pia mambo yasiyotabirika na fomu yoyote. Soko kuu la Kariakoo liliungua 10 Julai 2021. Ghorofa liliporomoka hapa Kariakoo asubuhi ya 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20. Katika majanga ya namna hiyo wafanyabiashara hupoteza mali, na pamoja na mali hupotea vitabu vya risiti, mikataba na madaftari ya madeni. Kanuni inayodai mfululizo wa karatasi usiokatika haina budi kuwa na nafasi kwa mtu ambaye karatasi zake ziliteketea au zilifukiwa na kifusi.

Kanuni zenu zinayo nafasi ndogo kama hiyo, na ilipatikana mahakamani. Tarehe 22 Februari 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu katika kesi iitwayo MM (Lebanon). Ndani ya hukumu hiyo lilikuwamo shauri la mwanamke kutoka Kongo, aliyetajwa kwa herufi SS tu, dhidi ya afisa wa viza wa Nairobi. Mumewe alikuwa Mkongo aliyepata uraia wa Uingereza, na kipato chake hakikufika 18,600. Majaji, katika hukumu iliyotolewa na Lady Hale na Lord Carnwath, walisema kuweka kiwango cha kipato si kosa kwa asili yake. Lakini walisema kanuni hazikuzingatia ipasavyo masilahi ya watoto, na walikosoa jinsi zilivyokataa vyanzo vingine vya fedha hata pale vinapoaminika. Rufaa ya SS ikakubaliwa.

Kwa sababu ya hukumu hiyo kanuni zilirekebishwa Agosti 2017. Leo, pale ambapo kukataa viza kutaleta madhara makali yasiyo na haki kwa familia, afisa anaweza kutazama msaada wa uhakika kutoka kwa ndugu, na pia kipato ambacho mwombaji mwenyewe anatarajiwa kukipata akifika. Ni mlango wa kweli, lakini ni mwembamba, na wengi hawajui kwamba upo. Mama wa Mtaa wa Kongo hakuweka barua ya shemeji yake aliye tayari kuwasaidia, wala ushahidi wa ujuzi wake wa biashara wa miaka kumi, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba vinaweza kusomwa.

Kwingineko Ulaya nako suala hili lilifika mahakamani. Tarehe 4 Machi 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la Rhimou Chakroun dhidi ya serikali ya Uholanzi, iliyokuwa ikitaka asilimia 120 ya kima cha chini cha mshahara kwa anayetaka kuungana na mwenza. Mahakama ilisema kuruhusu familia kuungana ndiyo kanuni ya jumla, na kwamba kiwango hakiwezi kutumika kumkatalia mtu bila kutazama hali yake halisi. Uingereza haikufungwa na agizo la Umoja wa Ulaya la kuunganisha familia lililotumika katika shauri lile, na leo imetoka kwenye umoja huo. Hata hivyo hoja yake haina mipaka ya nchi: kiwango kisaidie kujua kama familia itaweza kujikimu, na jibu la swali hilo litafutwe kwenye maisha ya familia hiyo.

Mheshimiwa Waziri, nyuma ya hesabu hizi kuna watoto. Mwaka 2015 ripoti iliyotolewa na Kamishna wa Watoto wa England ilikadiria kwamba watoto wapatao 15,000 walikuwa wameathiriwa na kanuni hii, wengi wao raia wa Uingereza, na ikazungumzia familia zinazokutana kwa Skype. Februari 2023 kamati ya Baraza la Mabwana ikatoa ripoti yenye kichwa kinachosema familia zote zina thamani, ikataka kanuni za uhamiaji wa familia zifanyiwe marekebisho. Nami naongeza ninachokiona. Naona akina baba wanaopiga simu dukani ili wamsikie mtoto akisoma herufi, wateja wakiwa wamesimama kaunta. Naona wake wanaoulizwa na majirani kila sikukuu kama ndoa bado ipo. Naona ndoa changa zikichoka, bila ugomvi wala usaliti, kwa sababu tu ya umbali ambao hakuna kati yao aliyeuchagua.

Naona pia gharama. Ada ya maombi kutoka nje ya Uingereza ilikuwa pauni 1,938 kuanzia Aprili 2025, na maombi yakikataliwa hairudishwi. Kinachorudi ni ada ya afya. Kwa muuza nguo wa hapa hiyo ni mtaji wa mzigo mzima. Ndiyo maana naumia ninapoona amekataliwa kwa kosa la karatasi ambalo barua pepe moja ingelirekebisha. Kanuni zenu zinamruhusu afisa kuomba hati iliyosahaulika, kwa mfano taarifa moja iliyokosekana katika mfululizo wa taarifa za benki. Ruhusa hiyo ingekuwa wajibu, familia nyingi zisingefika kwenye rufaa.

Najua utaniambia kuna udanganyifu. Upo, na sitautetea. Wapo wanaokopa fedha, wakaziweka benki ili zionekane, wakazitoa. Wapo wanaotengeneza barua za ajira. Watu wa namna hiyo wakija kwangu nawarudisha, kwa sababu karatasi moja ya uongo huharibu imani ya faili elfu za kweli. Lakini kanuni iliyopo inamwumiza mkweli kuliko mdanganyifu. Mdanganyifu hujua muundo wa karatasi unaotakiwa na huutengeneza. Mkweli huleta maisha yake yalivyo, na maisha yake hayana muundo huo. Dawa ya udanganyifu ni kuhakiki, na Kariakoo inahakikika: piga simu kwa mamlaka ya kodi, soma miamala, angalia mkataba wa fremu.

Kwa hiyo naomba mambo matano.

Kwanza, kiwango kishushwe kiendane na ujira wa mtu anayefanya kazi halali muda kamili. Nchi ikishamwambia mwajiri kwamba ujira huu unatosha, isimgeukie mfanyakazi na kumwambia hautoshi kuishi na mkewe.

Pili, kipato cha mwombaji kihesabiwe. Kama kodi ya pango ya Msimbazi inakubalika, faida ya duka lililopanga hapo nayo itazamwe, angalau kama ushahidi wa uwezo wa mtu kujitafutia. Ahadi ya ajira kutoka kwa mwajiri anayeweza kuthibitishwa nayo ipewe uzito katika kila faili, isisubiri mpaka familia ithibitishe kwamba itavunjika.

Tatu, mwongozo wa maafisa utaje wazi kwamba taarifa za fedha za simu kutoka kwa kampuni yenye leseni ya Benki Kuu, makadirio ya kodi na kumbukumbu za EFD ni ushahidi wa kusomwa. Malipo ya mchezo yakubalike pale ambapo michango ya mwombaji inaonekana miezi iliyotangulia.

Nne, afisa asikatae kwa sababu ya hati iliyokosekana kabla hajamwomba mwombaji ailete na kumpa muda wa kuileta.

Tano, barua ya kukataa ieleze kwa lugha nyepesi ni hati ipi ilikosekana, ni kiasi gani kilipungua, na ni njia zipi mbadala ambazo afisa alizitazama. Mtu anayejua kilichopungua anaweza kukirekebisha.

Kwa Wizara yetu ya Mambo ya Nje, ambayo nimeipelekea nakala, nina maombi mawili. Rufaa nyingi husikilizwa mwenza mmoja akiwa huku, na mabaraza ya rufaa ya Uingereza hutaka kujua kama nchi aliyopo shahidi inaridhia atoe ushahidi kwa video akiwa ndani ya mipaka yake. Wasaidieni Watanzania wajue utaratibu huo na wa kumwuliza. Pia zungumzeni na wenzenu wa mapato na mabenki ili mtu anayeomba barua ya kuthibitisha biashara yake aipate ndani ya siku chache, kwa maana muda wa rufaa haumsubiri.

Na ninyi ndugu zangu mlionyimwa, nina neno nanyi mbele ya Waziri. Msiitupe barua ile. Someni mwisho wake, pameandikwa kama mna haki ya kukata rufaa. Maombi ya mwenza kwa kawaida huwa nayo, kwa msingi wa haki ya maisha ya familia. Aliye nje ya Uingereza ana siku 28 tangu alipopokea uamuzi. Ada ya rufaa ni pauni 80 ikiwa itaamuliwa kwa karatasi, na pauni 140 ikiwa mtataka kusikilizwa. Mwenza aliye huko akiweza kusimama mbele ya jaji na kuulizwa, msikilizwe. Baraza linaweza kupokea ushahidi ambao afisa hakuuona, hata uliopatikana baada ya uamuzi. Kwa hiyo tumieni siku hizo kukusanya: taarifa za miamala, makadirio ya kodi, mkataba wa fremu, barua ya kikundi cha mchezo yenye majina na zamu, barua ya ndugu anayeweza kusaidia pamoja na taarifa zake za benki, kumbukumbu za mawasiliano na za kutembeleana, na mambo yote yanayomhusu mtoto. England na Wales waliondoa sehemu kubwa ya msaada wa kisheria wa serikali kwa mashauri ya namna hii tangu Aprili 2013, hivyo ulizeni mapema gharama za wakili na sifa zake, na jihadharini na anayewaahidi viza. Pale ambapo upungufu ni hati moja tu na kipato kinatosha, pimeni pia kama maombi mapya yatafika haraka kuliko rufaa. Na msilete karatasi ya uongo, hata moja. Ukweli wenu ndiyo nguvu yenu pekee mbele ya jaji.

Mheshimiwa Waziri, sikuombi uifungulie dunia nzima mlango wa nchi yako. Nakuomba upime familia kwa kipato chake chote na kwa ushahidi wake wote. Watu ninaowaandalia mahesabu wamelipa kodi hapa, wamelea watoto kwa faida ya fremu moja, wameanza upya baada ya moto. Watu wa namna hiyo hawatakuwa mzigo kwa wengine Birmingham. Mabadiliko ninayoyaomba yanaweza kufanywa kwa marekebisho ya kanuni na ya mwongozo, bila kungoja sheria mpya ya Bunge, na ripoti ya kuyaanzia unayo tangu Juni 2025. Tunasubiri jibu la maandishi, na ukituma mtu Kariakoo aone ushahidi huu kwa macho yake, nitampitisha duka kwa duka na kumsomea vitabu mimi mwenyewe, kwa ridhaa ya wenye navyo.

Wako katika kutafuta haki,

Mhasibu wa wafanyabiashara wadogo,
Kariakoo, Dar es Salaam